Maandalizi ya hesabu kabla ya kusomea uhandisi umeme: mwongozo kwa vijana wa Mtwara na Lindi

Mei ikiisha na vijana wa kidato cha sita wakirudi majumbani, mlango wangu hapa Chikongola huanza kugongwa. Leo ni kijana wa Masasi aliyefikia kwa mjomba wake, kesho binti wa Nachingwea aliyekuja mjini kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Swali lao huwa moja: "Kaka, nimeomba uhandisi umeme. Nisome nini kabla chuo hakijafunguliwa?" Wengi wanakuja na jibu mkononi, yaani kitabu kinene cha kalkulasi kilichofunguliwa kwenye intigresheni, kwa sababu wamesikia huko ndiko watu wanakoangukia.

Mimi sivyo nilivyoona. Nimeisoma fani hii, nimeifanyia kazi, na jioni nakaa mezani na wadogo zangu. Anayesumbuliwa na mwaka wa kwanza mara nyingi intigresheni anaijua. Kinachomsumbua ni sehemu, kupindua fomula (kuiacha herufi unayoitafuta peke yake upande mmoja), na kutojua kama kalkuleta yake iko kwenye nyuzi au kwenye radiani. Mambo ya kidato cha pili na cha tatu, aliyoyapita mbio, yanakuja kumdai chuoni na riba juu. Kwa hiyo tunaanzia chini, na tutakaa huko kuliko unavyotarajia.

Hatua ya kwanza: jipime kabla hujafungua kitabu

Chukua karatasi, kalamu na saa. Kalkuleta iweke kabatini. Una nusu saa.

1. 1/R = 1/6 + 1/3. R ni ngapi?
2. V = E − Ir. Tafuta r.
3. f = 1/(2π√(LC)). Tafuta C.
4. Zidisha 4.7 × 10³ kwa 2 × 10⁻⁶.
5. Radiani π/6 ni nyuzi ngapi? Nyuzi 120 ni radiani ngapi?
6. sin 60° ni ngapi? Acha jibu lenye kipeuo.
7. e^(−t/5) = 1/2. Tafuta t.
8. 5x − 2y = 8 na −2x + 6y = 2. Tafuta x na y.
9. Urefu wa 3 + 4j ni ngapi? Na (1 + j)(1 − j) je?
10. Fanya difarensiesheni ya sin 3t. Kisha tafuta eneo chini ya mstari y = 2t, kuanzia t = 0 hadi t = 3.

Majibu: 2, (E − V)/I, 1/(4π²f²L), 9.4 × 10⁻³; nyuzi 30 na 2π/3; √3/2; 5 ln 2; x = 2 na y = 1; 5 na 2; 3 cos 3t na 9.

Usijumlishe alama ukajiambia una sabini. Angalia umekosa lipi. Aliyekosa la 10 peke yake hana tatizo, chuo kitamfundisha upya. Aliyekosa hata moja kati ya 1 na 4 ana kazi ya wiki mbili kabla hajagusa kitu kingine, kwa sababu hayo manne yamo ndani ya kila swali la saketi utakalopewa kwa miaka minne. Herufi j ya swali la 9 ndiyo ile i ya darasani. Kwenye umeme i imeshachukuliwa na mkondo, kwa hiyo tunatumia j. Zoea mapema.

Hatua ya pili: sehemu, na kupindua fomula

Mwaka juzi alikuja kijana aliyepata B ya hesabu kidato cha sita. Nilimpa intigresheni ya vipande, akaimaliza bila kunyanyua kalamu. Nikamchorea rezista mbili sambamba, moja ya omu 6, nyingine ya omu 3. Akaandika 1/6 + 1/3, akatafuta asili ya shirika, akapata 3/6, akafupisha 1/2. Vizuri kabisa. Kisha akapiga mstari chini: R = 0.5.

Alisahau kugeuza. Alichopata ni 1/R, wala si R. Nikamwuliza kama jibu linaingia akilini. Akasema ndiyo, kwa sababu rezista sambamba lazima zitoe jibu dogo kuliko iliyo ndogo kati yao, na 0.5 ni ndogo kuliko 3. Hoja yake ilikuwa ya kweli, ila haikutosha kumwokoa.

Angalia njia nyingine. Rezista ya omu 3 ni sawa na rezista mbili za omu 6 zilizokaa sambamba. Kwa hiyo mchoro ule ni kama una rezista tatu za omu 6, na 6 ukigawa kwa 3 unapata 2. Jibu limekuja kichwani bila sehemu hata moja. Nataka ujenge tabia hiyo: ukipata jibu kwa njia moja, lithibitishe kwa njia ya pili iliyo fupi. Mtihani wa chuo una muda mchache, na aliyezoea kufanya hivi hapotezi dakika.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wanaikariri: zidisha mbili, gawa kwa jumla. 6 × 3 = 18, gawa kwa 9, unapata 2. Sawa. Ila nimeona watu wakiitumia kwa rezista tatu: zidisha zote, gawa kwa jumla ya zote. Si kweli, na huhitaji kuikariri kuwa si kweli, kwa sababu vipimo vyenyewe vinakuonya. Omu mara omu mara omu, ukigawa kwa omu, unabaki na omu za kipeo cha pili. Hakuna rezista inayopimwa hivyo. Fomula yoyote ambayo vipimo vyake havikubaliani ni ya uongo, hata kama imeandikwa ubaoni na mtu unayemheshimu.

Sasa kupindua. Fungua daftari lako la Fizikia la kidato cha tatu mpaka cha sita, toa kila fomula, na uipindue kwa kila herufi iliyomo. V = E − Ir ina herufi nne, kwa hiyo ipinduliwe mara nne. Swali la 3 hapo juu, fomula ya masafa ambayo koili (L) na kapasita (C) za redio zinayashika, ndilo linalowatoa watu jasho, basi tulifanye polepole. f = 1/(2π√(LC)). Kwanza ondoa kipeuo kwa kuzipandisha pande zote mbili kipeo cha pili: f² = 1/(4π²LC). Zidisha pande zote kwa C: f²C = 1/(4π²L). Gawa kwa f²: C = 1/(4π²f²L). Kosa la kawaida ni kupandisha f na kuisahau 2π, na mtu anabaki na 2π badala ya 4π². Kosa dogo hilo linakupa kapasita kubwa mara sita na ushee kuliko inayotakiwa, na redio haitashika kituo.

Fanya fomula kumi kwa siku, kwa mkono, kwa siku kumi na nne. Ni kazi ya kuchosha. Sijui njia nyingine.

Hatua ya tatu: vipeo vya kumi na vipimo

Hapa hapana ugumu, panataka mazoea tu. Kilo ni 10³, mega ni 10⁶, mili ni 10⁻³, maikro ni 10⁻⁶, nano ni 10⁻⁹, piko ni 10⁻¹². Uzijue kama unavyojua jina la mama yako.

Tafuta feni ya dari iliyokufa, nenda kwa fundi yeyote pale sokoni, hatakunyima. Ndani utakuta kapasita ndogo nyeusi, mara nyingi imeandikwa 2.5 µF. Ikiwa kwenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, inaupinga mkondo kwa kiasi cha 1/(2πfC). Weka namba: 2 × 3.1416 × 50 × 2.5 × 10⁻⁶ ni 7.85 × 10⁻⁴. Geuza, unapata omu 1,273 hivi. Aliyesahau maikro atapata omu 0.0013 hivi, na ataliandika jibu hilo bila kushtuka. Shtuka. Kitu kinachopinga kidogo kiasi hicho kikichomekwa kwenye umeme wa nyumbani ni shoti.

Zoezi kubwa zaidi liko uwandani kwa Wamakonde. Watu wa Newala na Tandahimba wanajua bei ya maji, maana uwanda uko juu na maji yako chini. Mradi wa Makonde unayatoa bonde la Mitema na kuyapandisha kwa pampu. Tuchukulie pampu inapandisha mita za ujazo 100 kwa saa, kimo cha mita 300. Hizo ni namba zangu za mazoezi, lakini fizikia yake ni ileile. Mita 100 za ujazo ni kilo 100,000. Zidisha kwa 9.8 na kwa 300, unapata jouli 294,000,000. Uniti moja ya umeme ni jouli 3,600,000, kwa hiyo hapo pana uniti 82 hivi kwa kila saa, sawa na kilowati 82. Kama pampu na mota yake kwa pamoja vinatumia vizuri asilimia 60 tu ya umeme vinaopewa, unahitaji kilowati 136. Mtu akiweza kwenda kutoka ndoo ya maji hadi kilowati bila kupotea kwenye sifuri, hatua hii ameimaliza.

Hatua ya nne: trigonometria, na hapa tukae

Jenereta ni sumaku inayozunguka ndani ya waya. Yenye ncha mbili ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inatoa mizunguko 50 kwa sekunde, na yenye ncha nne inahitaji mara 1,500 tu. Kitu kinachozunguka, ukikitazama kwa ubavu, kinapanda na kushuka, na huko kupanda na kushuka ndiko sin. Ndiyo maana trigonometria ya umeme inahusu muda zaidi ya pembetatu.

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Watu wengi wanadhani hiyo ndiyo kilele chake. Kilele ni 230 × √2, yaani 325. Fomula yake ni v = 325 sin(314t), ambapo 314 ni 2π × 50.

Chukua karatasi ya grafu uichore kwa mkono. Mzunguko mmoja unachukua sekunde 1/50, yaani milisekunde 20. Ugawe vipande kumi na viwili, kila kipande ni sekunde 1/600. Kila kipande kinaongeza pembe kwa nyuzi 30. Thamani zitakuwa 0, 162.5, 281, 325, 281, 162.5, 0, kisha zilezile upande wa hasi. Unganisha kwa mkunjo laini, usitumie rula.

Sasa lile lililonigharimu mimi. Mwaka wa kwanza, jaribio la kwanza la saketi, swali lilitaka volteji baada ya sekunde 1/600. Nikabonyeza sin ya 0.5236, nikazidisha kwa 325, nikapata volti 3 hivi. Nikaandika 3. Nikaendelea na vipengele vinne vilivyofuata nikiitumia hiyo 3. Kalkuleta yangu ilikuwa kwenye nyuzi, na 0.5236 ilikuwa radiani. Jibu sahihi ni 162.5. Nilipoteza swali zima, na nilikuwa najua kila kitu kilichokuwemo. Kama ningekuwa nimewahi kuichora grafu ile hata mara moja kwa mkono, ningejua kwamba kwenye moja ya kumi na mbili ya mzunguko wimbi limeshafika nusu ya kilele. Tangu siku hiyo, kabla ya mtihani wowote naibonyeza sin 30. Ikitoa 0.5, kalkuleta iko kwenye nyuzi. Ikitoa hasi 0.988, iko kwenye radiani. Fanya hivyo nawe, kila siku, mpaka mkono uzoee wenyewe.

Rudi kwenye grafu yako, kwa sababu ina jambo lingine. Kwa nini √2? Chukua sin ya kila kipande, ipandishe kipeo cha pili. Vipande sita vya kwanza vinakupa 0, 0.25, 0.75, 1, 0.75, 0.25. Jumla yake ni 3. Gawa kwa sita: 0.5. Vipande sita vingine vinarudia vilevile, maana hasi ikizidishwa kwa hasi ni chanya. Kwa hiyo wastani wa sin ya kipeo cha pili ni nusu, na kipeuo cha nusu ni 1/√2. Pasi inapata moto kwa kadiri ya volteji kipeo cha pili, ndiyo sababu umeme wa kilele cha 325 unaitwa wa volti 230. Umeithibitisha mwenyewe kwa penseli, na hutaisahau tena.

Hatimaye nenda kwenye mashine ya kusaga iliyo jirani. Mota yake inaletewa waya tatu za moto, na kati ya waya mmoja na mwingine utapima volti 400 hivi, ingawa kila mmoja ukiupima na nyutro unakupa 230. Mwachie fundi apime, wewe chora. Chora mishale mitatu yenye urefu wa 230, ikitoka kituo kimoja, ikiachana kwa nyuzi 120. Unganisha vichwa vya mishale miwili. Pembetatu hiyo ina pande mbili za 230 na pembe ya 120 katikati yake. Igawe katikati upate pembetatu mraba mbili, upande wa tatu ni 2 × 230 × sin 60°, yaani 230√3, yaani 398. Hapo swali la 6 la jaribio lako limelipa.

Fomula za kujumlisha pembe, sin(A + B) na wenzake, zipitie pia, ila usizikariri zote ishirini. Zijue mbili, nyingine zitoe kwenye hizo.

Hatua ya tano: namba changamano

Mada hii inakuja kidato cha sita, mtihani ukiwa mlangoni, na madarasa mengi yanaipita kama basi lisilosimama. Hasara kubwa, kwa sababu katika umeme ndiyo lugha ya kila siku. Charles Proteus Steinmetz aliipeleka mbele ya wahandisi wenzake Chicago mwaka 1893, akawaonyesha kwamba hesabu za umeme wa mawimbi, zilizokuwa zinajaza kurasa za trigonometria, zinaweza kufanywa kama hesabu za kawaida za kujumlisha na kugawa.

Usianze na "kipeuo cha pili cha hasi moja". Anza na kugeuka. Simama ukitazama mashariki, huko ndiko namba za kawaida. Kuzidisha kwa j ni kugeuka robo ya duara kwenda kushoto, sasa unatazama kaskazini. Zidisha tena kwa j, unatazama magharibi, yaani hasi. Kwa hiyo j mara j ni hasi moja, na hapana la ajabu.

Koili inauchelewesha mkondo kwa robo ya mzunguko, na kwa sababu hiyo inaandikwa kwa j. Tuseme mota ndogo ina ukinzani wa omu 30, na koili yake inapinga kwa omu 40. Tunaandika 30 + 40j. Urefu wake, kwa Pitagora, ni 50. Mkondo ni 230 gawa kwa 50, yaani ampea 4.6. Ukitaka na pembe, gawa kwa mkono: 230 gawa kwa (30 + 40j). Zidisha juu na chini kwa (30 − 40j). Chini unapata 900 + 1,600 = 2,500. Jibu ni 2.76 − 3.68j. Tafuta urefu wake: 4.6 ileile. Ile hasi inakuambia mkondo unachelewa, kwa nyuzi 53 hivi.

Na hapo kuna kitu kinachowahusu wenye viwanda vya kubangua korosho. Volti 230 mara ampea 4.6 ni 1,058, lakini nguvu inayofanya kazi kweli ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, yaani wati 635 hivi. Uwiano wake ni 0.6. Waya unabeba mkondo wa kazi ambayo haifanyiki. Kuweka kapasita ili kupunguza pengo hilo ni moja ya kazi utakazoitwa kuzifanya ukihitimu.

Kalkuleta ya fx-991 inafanya namba changamano. Usiitumie mpaka umegawa hamsini kwa mkono.

Hatua ya sita: kalkulasi, kwa kutumia LUKU na betri

Difarensiesheni ni kasi ya kubadilika, na intigresheni ni kujumlisha vipande vidogovidogo. LUKU yenu ukutani inafanya intigresheni usiku na mchana. Chora grafu ya matumizi ya nyumbani kwa siku: wati kwenye mhimili wa wima, saa kwenye mhimili wa ulalo. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni mstatili wa uniti 0.5. Friji ya wati 150 inayowaka dakika 20 katika kila saa ni uniti 1.2 kwa siku. Taa tatu za wati 10, saa tano kila moja, ni 0.15. Jumla 1.85. Soma mita saa 12 asubuhi, isome tena kesho yake saa hiyohiyo, ulinganishe na eneo ulilokokotoa. Tofauti itakufundisha. Labda friji inawaka zaidi ya ulivyodhani.

Kwa milinganyo ya difarensiali, nunua kwa fundi redio kapasita ya maikrofaradi 470 yenye kuhimili volti 16 au zaidi, rezista ya kiloomu 10, na betri ya volti 9. Mita ya kidijitali azima. Tumia betri tu, usiguse umeme wa ukutani kwa zoezi hili. Kapasita hii ina upande wa hasi, wenye mstari ubavuni, na upande huo uelekee hasi ya betri. Ijaze kwa betri, itoe, kisha iache imwage kupitia rezista huku mwenzako akisoma saa. RC, yaani rezista mara kapasita, ni 10,000 × 470 × 10⁻⁶, sawa na sekunde 4.7. Kila sekunde 4.7 zikipita, inabaki asilimia 37 ya ilichokuwa nacho: 9, kisha 3.3, kisha 1.2, kisha 0.45. Namba zako zitapishana kidogo, maana kapasita hizi hazitengenezwi kwa usahihi mkubwa.

Sasa chukua ln ya kila usomaji: 2.2, 1.2, 0.2, −0.8. Inashuka kwa 1 kila mara. Ule mkunjo umenyooka ukawa mstari. Mteremko wa mstari huo ni −1/RC. Binti mmoja wa Kilwa, nilipomwona akiweka rula juu ya nukta zake na zote zikakaa, alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe ln ni ya kitu." Miaka miwili alikuwa ameibonyeza tu.

Baada ya hapo pitia kwa wepesi: difarensiesheni ya sin, cos, e na ln, kanuni ya mnyororo, kanuni ya kuzidisha, intigresheni ya hizohizo, na milinganyo ya difarensiali ya daraja la kwanza. Inatosha.

Hatua ya saba: milinganyo mingi kwa pamoja

Sheria za Kirchhoff zitakupa milinganyo miwili, mitatu, minne. Swali la 8 la jaribio ni saketi ya vitanzi viwili niliyoivua nguo. Jizoeze kutatua ya herufi tatu kwa kuondoa herufi moja moja, kisha jifunze matriksi ya mbili kwa mbili. Vekta nazo zipitie. Takwimu na linia programu ziache zipumzike.

Muda utatoka wapi

Walioitwa JKT wana wiki chache kabla ya kambi na chache baada yake. Kabla ya kambi fanya hatua ya kwanza hadi ya tatu, ukirudi maliza zilizobaki. Kambini beba daftari dogo la fomula, hata dakika kumi usiku zinatosha kupindua tatu.

Wanaobaki nyumbani wanajua kwamba Juni hadi Agosti ni miezi ya kusafisha shamba na kupuliza dawa kwenye mikorosho. Mzazi hatakuacha ukae na kitabu mchana kutwa, wala sikushauri umwombe hivyo. Amka saa 11 alfajiri, soma saa moja na nusu, nenda shamba. Salfa ikishakuingia machoni hutasoma kitu jioni. Jioni acha ya kusahihisha tu. Jitahidi hatua ya tano iwe imekwisha kabla mabibo hayajaanza kuanguka, kwa sababu msimu ukianza hakuna wa kukusubiri.

Video za masomo zipo nyingi bure, zipakue kwa bando la usiku. Programu ya GeoGebra ikishaingia kwenye simu inachora grafu hata bila intaneti. Mtwara mjini kuna maktaba ya mkoa, yenye utulivu na meza kubwa. Vitabu vingi vya fani ni vya Kiingereza, basi tenga daftari la maneno: kila neno geni liandike na maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe, na mchoro pembeni.

Kwa mdogo wangu uliyemaliza kidato cha nne na unakwenda kusomea diploma ya umeme, hatua ya kwanza hadi ya nne ni zako zote, na maswali ya 7, 9 na 10 ya jaribio uyaruke kwa sasa. Hatua ya tano utakutana nayo huko, lakini soma lile la kugeuka mashariki na kaskazini. Ukiingia darasani nalo, mwalimu atakapoandika j ubaoni hutashtuka.

Siku moja kabla ya kupanda basi la Dar, mizigo ikishafungwa, chukua tena karatasi yenye maswali yale kumi. Safari hii una dakika kumi na tano. Ukikosa la 3, liandike kwenye kipande cha karatasi ukiweke mfuko wa shati. Njia kutoka Mtwara hadi Daraja la Mkapa ni ndefu, utalipindua mara nyingi kabla hamjauvuka Rufiji.